Nilivyomnyima Mama Sukari

Jamani, leo nimeumbuka mchana kweupe, tena hapa hapa Kasulu ambako kila mtu ananiita Mwalimu.

Mama yangu ana saratani ya titi. Nilisoma mtandaoni kwamba seli za saratani zina ulafi wa sukari. Basi! Nikapiga marufuku sukari nyumbani, wiki kadhaa sasa. Chai bila sukari, uji bila sukari, ndizi mbivu hapana. (Nafundisha biolojia. Nani angenibishia?)

Leo asubuhi kina mama wa jumuiya ya kanisani wakaja kumwona mgonjwa, kila mmoja na sukari yake mkononi, kama ilivyo desturi.

"Mwakeye, Mwalimu!" wakanisalimu kwa Kiha.

Nikawazuia uani. Nikaokota kijiti, nikawachorea seli kwenye vumbi.

"Inabugia sukari, inatema tindikali. Tindikali inatafuna nyama ya jirani, uvimbe unapata njia ya kusambaa. Mnataka kumuua mama?"

Wakaondoka na sukari zao. Nikajiona daktari bingwa!

Halafu tukaenda hospitali kumpima mama uzito kabla ya safari ya Mwanza, kwenye dripu ya dawa ya saratani. Mama Domina, kiongozi wa jumuiya, akatusindikiza. Mama akapanda mzani. Daktari akamshusha, akampandisha tena.

"Mama, unakula kweli?"

Mama akanitazama. Nikatazama ukuta.

"Mwalimu amekataza sukari," Mama Domina akadakia. "Katuchorea kabisa, chini pale uani!"

Foleni nzima ikageuka kuniangalia.

"Alichochora ni sahihi," daktari akasema taratibu. "Seli zinafanya hivyo kweli. Ila ukimnyima chakula, mwili unayeyusha nyama yake wenyewe kutengeneza sukari, na uvimbe unaichukua hiyo hiyo. Anayebaki na njaa ni yeye. Kwa uzito huu hawatampa dawa. Safari isubiri, ale kwanza."

Mama akanigeukia.

"Kwa hiyo mwanangu, nimekonda mimi, uvimbe haujakonda?"

Foleni ikaangua kicheko. Mimi nikalia, pale pale, mbele ya mzani. (Na mzazi wa mwanafunzi wangu akanipa leso.)

Nimechoka, jamani. Naogopa. Nilitangaza vita na saratani, nikampiga mama.

Msinicheke leo. Akipona, chekeni mpaka mchoke.