Kilima Kisawazishwe Kabla ya Mtihani Wangu

Mheshimiwa Chifu,

Salamu zangu zikukute ukiwa mzima. Mimi ni Joash Osiako wa Amalemba, mstaafu wa kazi ya kupima mashamba, na sasa mwanafunzi wa karate mwenye mkanda wa manjano. Mjukuu wangu Cindy ana wa kijani. Kwa kanuni za karate, mwenye mkanda mdogo humwinamia mwenye mkubwa, kwa hiyo kila jioni, kabla sijagusa obusuma, ugali wetu, mimi mzee mzima ninamwinamia mtoto wa gredi ya sita. Lazima nipite mtihani wa Jumamosi, nami nipate wa kijani, Chifu. Nimechoka kuchekwa nyumbani kwangu.

Lakini mwalimu wetu, Sellah Muhonja, amekataa ukumbi. Anasema adui hatatusubiri kwenye saruji. Tunafanyia mazoezi kando ya mto Isiukhu, ndani ya lokesheni yako, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kilima. Nikirusha teke, tumbo langu linateremka peke yake, nami nalifuata. Kisawazishwe. Vipimo nitachukua mwenyewe, bure.

2. Mawe ya mtoni yanateleza. Kina mama wanaofua hapo wamejifunza mitindo yote kwa kunitazama nikianguka, na sasa wananirekebisha. Yasuguliwe.

3. Miwa. Karate ina ukelele wake. Niliupiga humo shambani, na unajua huku kwetu mtu akipiga kelele majirani hawaulizi. Walikuja na rungu kutafuta mwizi, wakanikuta mimi tu. Nilijieleza sana siku hiyo. Watangaziwe barazani.

4. Fahali wa Bwana Osundwa, yule wa kupiganishwa na fahali wenzake. Juzi niliinama kwa heshima kabla ya kuanza, kama tunavyofundishwa. Kumbe kwa fahali, anayeinamisha kichwa anataka vita. Naye akainama. Chifu, nilikimbia! Ardhi ile niliwahi kuipima kwa kamba. Siku hiyo niliipima kwa miguu. Ahamishiwe Malava, au naye apewe mkanda ajue kanuni.

Nisalimie mama watoto, mzee wa mtaa na askari wako wote.

Ni mimi raia wako mwenye michubuko,
Joash Osiako

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Mwalimu Sellah amepita hapa. Kumbe siku ya fahali alikuwa ng'ambo ya mto, akaniona nikishuka kilima bila kuanguka, nikivuka mawe bila kulowa, nikiingia kwenye miwa kwa ukelele ambao hajawahi kuusikia. Amenihesabia hiyo kuwa mtihani. Nimepita! Jioni hii mimi na Cindy tumeinamiana, tukagongana vichwa. Kwa hiyo usiguse chochote. Ila mtihani ujao ni wa mkanda wa bluu. Nakuomba umwambie Osundwa siku hiyo amlete fahali mapema.