Munji na Pipa la Tisa

Sogeeni, enyi mnaokula zeituni mkatema kokwa bila kuuliza nani aliwahakikishia usalama wa tumbo! Msikie habari za Munji wa Sfaksi, Simba wa Maabara, mtawala wa chumba chenye sinki moja na kiti kibovu, siku alipokabiliana na kipima uchachu.

Lori lilikuwa langoni likinguruma. Mapipa yote yalikwishapandishwa isipokuwa la tisa, la Khalti Shedlia, mama mdogo wa kila mtu, aliyelilea miezi minane kama mjukuu. Sheria ilikuwa moja: maji ya zeituni yasizidi nne nukta tatu, maana kwenye kipima uchachu namba hushuka uchachu ukipanda. Lisilopimwa halipandi lori, na lisilopanda humwagwa.

Basi shujaa akafunga koti lake jeupe, lililopoteza kifungo katika vita vilivyotangulia. Akakiosha kijiti cha kioo cha ile mashine, akakizamisha katika maji ya kipimo cha saba, yale ya manjano, kisha ya nne, yale mekundu, ili ikumbuke yapi ni yapi.

Mashine ikatafakari. Ikaandika: KOSA.

Akarudia. KOSA.

"Ewe sanduku lisilo na shukrani!" akanguruma. "Nani anakupangusa vumbi kila Jumatatu?"

KOSA.

"Munji mwanangu," akasema Khalti Shedlia mlangoni, mikono kiunoni, "unaipima au unaiposa?"

"Khalti, usinichekeshe, jasho linanitoka."

"Mimi nimeshaonja. Yamechachuka kuliko mama mkwe wangu. Andika!"

"Ulimi hauna muhuri, Khalti."

Honi ikalia. Munji akayamimina maji ya kipimo kurudi chupani.

"We! Hayo si uliyochovyea?"

"Ndiyo. Kumwaga neema ni dhambi. Bibi yangu alisema..."

"Bibi yako alisema juu ya mkate! Unayarudisha tangu lini?"

"Tangu Ramadhani," akanong'ona Simba.

Miezi mitano, maji ya saba na ya nne yalikuwa yakitembeleana kwa kile kijiti kama majirani, hata yale mekundu yakawa ya rangi ya chungwa, na jicho la shujaa halikuona!

Akaparamia kile kiti kibovu, akashusha chupa mpya, akazivunja lakiri. Saba. Nne. SAWA! Kisha pipa la tisa: namba ikashuka, ikasita, roho mbili zikasita nayo, ikatulia. Nne nukta moja.

"Nilikwambia," akasema Khalti, akifuta macho kwa ncha ya shela.

Basi na ikumbukwe kizazi hadi kizazi: kabla ya adhuhuri siku ile, lori likaondoka na mapipa tisa, na Munji akayamwaga maji ya zamani kwenye sinki kwa mkono wake mwenyewe, akimwomba bibi yake radhi. Khalti akamzawadia zeituni moja. Akaila kishujaa, na kokwa akalitia mfukoni. Kutupa si vizuri.