Nyumba ya Kuingia na Begi Tu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amekata shauri. Kiwanja hataki, msingi hataki, nyumba ya "tutamalizia taratibu" hataki hata kuisikia. Anataka iliyokwisha: milango, mabomba, taa, mtu anaingia na begi lake tu. Tena mimi nisiiguse hata kwa msumari. Imeniuma. Bomba la jikoni nililolitengeneza lilivujia kwa majirani, si kwetu.

Dalali ametuonyesha moja. Vigae hadi chooni. Hata vyuma vya mapazia vipo. Mke wangu alifungua kabati la jikoni, akalifunga, akalifungua tena, machozi yakamlenga. Sijawahi kumliza kwa furaha namna hiyo. Lazima tuipate. Tatizo: akiba yetu haifiki bei. Tatizo kubwa zaidi: mwanyumba wangu, mume wa dada yake, naye anaitaka.

Jumanne, 4 Machi

Akili ni nywele, na zangu leo nimezipeleka kwa kinyozi. Nimemnong'oneza, siri kabisa, kwamba nyumba ile ina nyufa nyuma ya rangi. Nikamwapisha asimwambie mtu. Kinyozi wetu akishaapishwa ndipo anapotangaza. Mwanyumba ataogopa, mwenye nyumba atashusha bei. Nimejipongeza kwa soda.

Alhamisi, 6 Machi

Habari imefika. Imefika kwa mama mkwe. Nyufa zimekwisha kuwa shimo chini ya chumba cha kulala. Amesema mwanawe halali juu ya shimo, hata akipewa bure. Nikasema huenda ni uzushi. Akasema lisemwalo lipo, kisha akaniuliza mimi nimejuaje kwamba ni uzushi. Nikakohoa. Kumbembeleza kumekula siku nzima.

Ijumaa, 7 Machi

Bei imeshuka! Kama nilivyopanga. Nikakimbia kwa dalali, nikamkuta mwanyumba anamalizia kutia saini. Yeye maneno ya watu hakuyajali. Alimpeleka fundi akagonga kuta zote. Kanishika mkono, akasema Mungu ambariki mjinga aliyeanzisha uvumi ule. Nikaitikia amina.

Mke wangu hakugomba. Ameketi jikoni akilitazama bomba. Afadhali angegomba. Nimeona aibu, kweli.

Jumapili, 16 Machi

Tumehamia. Mwanyumba ametupa sisi na watoto wetu chumba cha uani kwenye nyumba ile ile, kodi hataki. Mke wangu ameshukuru. Anasema tujikusanye upya, polepole, bila ujanja.

Polepole ya nini? Mwanyumba ana usingizi mwepesi, familia yote inajua. Akikosa usingizi atauza, tena kwa bei ya hasira. Nimenunua jogoo.

Jumatano, 19 Machi

Jogoo ni mchapakazi. Anaanza kuwika kabla alfajiri yenyewe haijaamka. Mwanyumba amekuja kunishukuru: siku hizi anawahi kazini, bosi kamsifu. Aliyekosa usingizi ni mke wangu. Dada yake kamwonea huruma, kamwita yeye na watoto wakalale chumba cha wageni, nyumba kubwa. Anafungua makabati ya jikoni anavyotaka. Mimi sikuitwa.

Nimeketi kitandani na kutafakari. Kule ndani sasa wamebanana. Wakibanana watachokana, wakichokana nyumba itauzwa. Mambo yanakwenda vizuri. Kesho natafuta jogoo wa pili.