Jiwe la Pipa la Achari

Alhamisi, 23 Novemba

Kengele imerudishwa! Kengele ya dhahabu tupu niliyomnunulia marehemu Baba, kwa akiba ya Mama, ikae kwenye madhabahu ya nyumbani tunapomkumbuka. Vitu vya madhabahu havitozwi kodi ya urithi. Mama ameifunga kwenye taulo, akapanda basi, akairudisha dukani mwenyewe. Anasema Baba alikuwa kiziwi tangu angali hai, ya shaba inamtosha.

Haoni hatari. Ana miaka themanini na sita na moyo mbovu. Akifa leo, kodi itameza nyumba na kishamba chote cha figili. Kule Nerima, ardhi ya mjini ilivyo ghali, ndivyo inavyokwenda. Wazee wa jirani yetu Okubo walipofariki, shamba liligeuka maegesho ya magari. Mimi ni mwana wa pekee, nimezaliwa katika nyumba ile. Nitaiokoa, mwenyewe atake asitake.

Nikivaa viatu akaniomba nije Jumapili kung'oa figili. Nikasema nitaangalia.

Jumapili, 26 Novemba

Sikwenda. Nilimtuma mke wangu, Fumie. Mimi nilikuwa kwenye semina ya bure ya Bwana Udagawa, mshauri wa kodi. Kichwa yule! Anasema warithi wakiongezeka, na kiasi kisichotozwa kodi huongezeka. Nikauliza mama wa miaka themanini na sita ataongezaje warithi. Ukumbi ukacheka. Akasema aasili mtoto, yaani amfanye mtu mwanawe kisheria, hata mkwe wake, wengi hufanya hivyo. Mkwe! Si ninaye nyumbani, tena bure? Akaongeza jambo kuhusu talaka, lakini nilikuwa nimeshatoka kutafuta mwavuli wangu.

Fumie karudi jioni, matope hadi magotini, anaimba. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia akiimba.

Jumanne, 5 Desemba

Wamekubali! Nilipowaeleza kwamba Mama amwasili Fumie, nilidhani Mama atanifukuza. Badala yake akamgeukia Fumie, akamwuliza yeye mwenyewe anataka nini. Hilo sikuwa nimelifikiria. Fumie akasema mama yake alifariki yeye angali mdogo, na angefurahi kupata mwingine. Wakashikana, wakalia. Nikawapa kalamu.

Manispaa wamepokea fomu. Kisheria mke wangu sasa ni dada yangu. Njiani nikamtania, "Haya Dada, leo tunakula nini?" Akasema kaka mkubwa ndiye huwapikia wadogo zake. Utani gani huo?

Jumapili, 17 Desemba

Figili zimenyauka vizuri chini ya upenu. Leo ni siku ya kuzipanga kwenye pipa ziwe achari, kwa chumvi na pumba za mchele, kisha jiwe juu. Jiwe lile alikuwa akilibeba Baba. Asubuhi Mama kapiga simu. "Nori, njoo uniwekee jiwe tu, mwanangu. Ukimaliza nenda zako." Nikamwambia Udagawa ana nafasi leo tu, na kwamba yote haya nayafanya kwa ajili yake. Akasema haya, jiwe litangoja.

Halikungoja. Fumie na Mama walilisukuma juu ya ubao mpaka likaingia.

Lakini Udagawa kanipa dhahabu bora kuliko ile ya kengele! Mrithi akiwa anaishi nyumba moja na mzee, ardhi hupunguziwa kodi karibu yote. Fumie ni mrithi. Ahamie kwa Mama! Mimi nibaki huku, karibu na kazini. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Kafunga mizigo leo leo, mpaka mto wake kachukua.

Jumamosi, 6 Januari

Nimekwenda kutoa salamu za mwaka mpya. Wawili wale wana vichekesho vyao. Mmoja akisema "paka wa Okubo", mwingine anashika mbavu. Nikauliza paka gani. Wakasema ni hadithi ndefu. Mahali pangu, kwenye meza yenye moto chini yake, pana mto wa Fumie.

Mama amekonda. Mikono yake ni ya baridi hata mezani penye moto. Aliniomba nilale, usiku mmoja tu, anitengenezee supu ya asubuhi. Nikasema sikuja na mswaki. Fumie akasema mswaki upo. Nikasema kazi. Mama akauliza kama kodi hii itaniumiza mimi sana. Nikasema sana. Akanipapasa mgongo kama nina homa. "Pole, mwanangu. Nisamehe kwa usumbufu."

Jumamosi, 20 Januari

Mama amefariki alfajiri. Fumie alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa nimezima simu ili nilale vizuri.

Nilipofika alikuwa ameshafunikwa kitambaa cheupe usoni. Nimekifunua. Nilitaka kumwambia niko tayari kulala leo.

Jumanne, 23 Januari

Mazishi ya Mama: tumemchoma. Tukaokota mifupa kwa vijiti, mimi na Fumie, mfupa mmoja watu wawili, kama ilivyo desturi. Vijiti vyangu viliteleza, mkono wake ukanishikia. Watu wakasema watoto wa marehemu wanapendana. Nimelia chooni, nimefungulia bomba ili yasikike maji tu.

Jumapili, 25 Februari

Fumie anataka talaka. Kasema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. Nilimkimbilia Udagawa. Akaniuliza kama semina sikuisikiliza. Talaka humwondoa mke, haimwondoi mtoto. Nyumba na shamba anabaki navyo Fumie, maana ndiye aliyeishi na Mama, na punguzo la kodi ni lake tu. Mimi nitapata akiba iliyobaki, ambayo si ya kutajwa. Na kodi? Karibu hakuna kabisa! Udagawa kanipongeza. Nyumba imeokoka. Mchimba kisima kaingia mwenyewe.

Jioni limefika furushi. Taulo lile lile la kengele, ndani figili moja nzima ya achari, njano, imelainika. Fumie kaandika kwamba Mama aliniwekea mwenyewe, ya chini kabisa, pale jiwe linapobana vizuri. Nimeikata. Nimeila yote nimesimama, bila wali. Ladha ya nyumbani kwetu. Mama yangu, kumbe ulikuwa ukitaka jiwe tu! Nimelia mpaka jirani kagonga ukuta.

Kisha, nikiosha kisu, nikashtuka. Fumie hana mtoto. Wazazi wake hawapo. Kwao alizaliwa peke yake. Mume hana tena. Mrithi wake ni nani? Kaka yake. Mimi!

Ila kaka hutozwa kodi zaidi kuliko mtoto, kwa hiyo lazima kupanga mapema. Nimempigia kumshukuru kwa achari. Tukaongea vizuri, hata Mama tukamkumbuka. Nikamwuliza kama dada yangu ana shinikizo la damu. Akakata simu.

Si neno. Madhabahu ya Mama sasa iko kwake. Kesho nikitoka kazini nitapita dukani kuuliza kama kengele ile ya dhahabu bado ipo.