Gia ya Nne Tangu Kitale

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mzee Madanlal, mwenye duka la spea hapa Kitale, anataka mtu wa pikipiki wa kumpelekea mizigo kwenye duka lake la Bungoma kila siku. Kazi ya kudumu! Tumebaki wawili: mimi na Walubengo wa steji yetu ya bodaboda. Jumatano kila mtu atapewa lita mbili. Atakayefika Bungoma amebakisha mafuta mengi zaidi ndiye atakayepata kazi. Maskini Walubengo! Anabadilisha gia kila saa kama mtu anayewashwa mguu. Mimi nimegundua gia ya nne ndiyo haili mafuta. Basi hizo nyingine za nini?

Jumanne, 10 Juni

Mazoezi, barabara ya kwenda mji wa Kwanza. Nimeanza kuondoka kwa gia ya nne. Pikipiki ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria, ikazima. Mara sita! Ya saba ikakubali, klachi ikinuka moshi. Abiria wangu, Mama Beth, akashuka. Ati atatembea kwa sababu ana haraka.

Jumatano, 11 Juni

Mteremko wa Kamukuywa nimezima injini kabisa. Kimya! Hakuna tone lililoliwa! Nikavuka daraja nikiimba.

Halafu mlima. Nikawasha. Injini inanguruma, gurudumu halitaki. Klachi niliyoiunguza jana imekufa. Nikasukuma. Walubengo akanifikia, akashusha gia, akapanda polepole bila kelele. Akasimama kuniuliza kama nataka msaada.

"Niko sawa, bana. Nanyoosha miguu."

Alipopotea, nikasimamisha pikapu ya kabichi. Tukapakia pikipiki. Nikashushwa nyuma ya soko la Bungoma, nikajisukuma kwa miguu hadi dukani nikitabasamu.

Madanlal, aliyetangulia kwa matatu, akapima mafuta yaliyobaki. Walubengo, nusu lita. Mimi, karibu lita moja na nusu! Mzee akanishika mkono. Akasema hajawahi kuona dereva kama mimi. Kisha akavaa helmeti, akapanda nyuma. Nimrudishe Kitale, aone mwenyewe.

Nikawasha. Tukanguruma palepale. Akashuka, akachomoa jani kwenye spoki za gurudumu.

"Festus, hii pikipiki yako inakula kabichi?"

Watu wote wamecheka. Hata mimi nimejaribu kucheka. Nimeshindwa.

Alhamisi, 12 Juni

Kazi ni ya Walubengo. Nimelala hadi saa nne, sitaki steji. Akaja mwenyewe na klachi mpya, tukaifunga. Akanieleza kama mtoto: injini ikilalamika, shusha gia, ikipiga kelele, pandisha. Nikaahidi kufuata, ili aende.

Jumamosi, 14 Juni

Maajabu! Mafuta ya siku moja yamenifikisha siku mbili, Kipsongo na kurudi mara sijui ngapi. Ni kweli nimekuwa nikibadilisha gia alivyosema Walubengo, kumwonea huruma tu. Lakini jana asubuhi niling'oa vioo vyote viwili vya pembeni. Uzito ulikuwa huko!

Kesho natoa breki ya mbele.