Ng'ombe wa Nne Ukutani

Jamani, leo nimeaibika. Si kidogo. Nimeaibika mbele ya wakwe, nikiwa nimevaa koti la kuazima.

Niwaeleze. Leo ilikuwa siku ya kupeleka mahari kwao Furaha, hapa Kitshanga. Ng'ombe watano. Lakini ng'ombe wako juu kilimani, upande wa Kibabi, na mvua imeharibu barabara. Papa Furaha, yaani baba yake, akakubali: leo aone picha tu, ng'ombe wenyewe watafuata.

Sasa, mila zetu mnazijua. Siku hiyo bwana harusi ni kama kiti. Hasemi. Hali chochote mpaka akubaliwe. Anainamisha kichwa, mikono juu ya magoti. Anayesema ni msemaji, kwangu ni Baba Mdogo Safari, naye haruhusiwi kuwapa wakwe mgongo hata kidogo. Basi nani atabofya picha kwenye kompyuta?

Nikajiona nina akili. (Chekeni pole pole, bado.) Nina programu ya akili bandia, ile inayotazama skrini na kubofya kipanya badala yako. Nikaiambia: kila baada ya dakika mbili, bofya mshale, lete ng'ombe anayefuata. Baba Mdogo akakariri ng'ombe wake kwa mpangilio huohuo. Tulijaribu nyumbani, ikaenda safi kabisa.

Kosa langu ni ubahili. Programu hiyo hupiga picha ya skrini kabla ya kila kubofya, na kila picha inakula megabaiti zangu za intaneti. Nikaikataza. "Usitazame tena. Kumbuka tu mahali pa mshale, bofya palepale." Yaani niliipofusha kwa mikono yangu.

Tukafika. Shuka nyeupe ukutani, projekta ya kukodi, jenereta inanguruma uani. Kompyuta kwenye kigoda mbele yangu. Kishale cha kipanya kikaanza kutembea chenyewe ukutani, mashangazi wakapiga makofi. Ng'ombe wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu, Papa Furaha mwenyewe akasema, "Huyu iko muzuri." Moyo wangu ukatulia.

Ulitulia mno. Nilikuwa sijala tangu jana, na mfukoni nilikuwa na kipande cha fromaji, jibini la huku kwetu. Nikainamisha kichwa zaidi, nikakitia shavuni. Nani ataniona?

Hapo jenereta ikakohoa. Projekta ikazima, ikawaka tena, na skrini ikabadilika ukubwa. Mshale ukahama. Mimi sikuona, nilikuwa natazama viatu vyangu. Programu nayo ikabofya palepale pa zamani, kipofu mtiifu. Ila sasa pale palikuwa pamekaa alama ya kamera.

Nikasikia vicheko. Nikadhani wamempenda ng'ombe wa nne.

Baba Mdogo, mgongo kwa ukuta, akapata nguvu. "Bakwe, ile ya ine njo mie naipenda kupita zote! Iko mutulivu. Haipigake muntu."

Vicheko vikazidi. Nikatafuna kwa furaha.

"Na munaona vile inatafuna! Ngombe yenye kutafuna vile iko na afya!"

Shangazi mmoja akapiga kelele, "Eh Papa, na iko na kravati!"

"Ndiyo, Mama," akajibu Baba Mdogo bila kugeuka. "Ile doa ku shingo njo alama yake."

Kravati? Ng'ombe gani huvaa tai? Nikainua macho. Ukutani, mkubwa kama mlango wa kanisa, nilikuwa mimi. Shavu moja limevimba. Nikaacha kutafuna. Na yule wa ukutani akaacha.

Nikarukia kipanya. (Bwana harusi hagusi kitu! Najua!) Navuta kushoto, programu inavuta kulia. Tunagombania kishale mbele ya ukoo mzima. Nikafungua mdomo kumwita Baba Mdogo, nayo programu, dakika zake zimetimia, ikabofya tena palepale, ambapo sasa palikuwa na kitufe cha kupigia picha. Kacha! Ikanipiga picha. Mdomo wazi, fromaji kwenye ulimi. Picha ikaganda ukutani.

Hapo niliogopa kweli, si utani. Nampenda Furaha, na kuna wanaume waliofukuzwa kwa kosa dogo kuliko kutafuna mbele ya wakwe. Papa Furaha alinitazama mimi, akatazama ukuta, akanitazama tena.

"Safari," akasema, "hii ya ine haina pembe."

Baba Mdogo hatimaye akageuka. Akaketi chini bila kuombwa.

"Basi, musikilize," Papa Furaha akaendelea. "Kwa ile fromaji, mutaongeza mbuzi moja. Na ngombe, mutoto wangu, utazileta weye mwenyewe, na miguu. Ile masini yako ibakie kwenu. Hapo njo nitakupatia Furaha."

Nikapumua. Hata machozi yalinitoka kidogo, nikasingizia moshi wa jenereta.

Furaha alikuwa nyuma ya pazia, ameona yote. Jioni hii ameiweka ile picha kwenye WhatsApp yake, ameandika chini yake: "Ya ine njo yangu."

Basi kesho asubuhi napanda kilima kuswaga ng'ombe watano kwenye matope. Mkinikuta njiani natafuna, nawaomba, msinipige picha.