Ng'ombe Wangu Watatu wa Masisi

Leo nimevuliwa nguo mbele ya kanisa, na mkanda nilifungua mwenyewe.

Mnanijua. Mtu akiuliza humu kwenye kundi letu la mtandaoni aweke akiba yake wapi, auze lini, asubiri mpaka lini, mimi humjibu kabla hajamaliza kuandika. (Kazi yangu ni kutoa fotokopi. Hilo huwa silitaji.) Basi leo baada ya ibada, kikundi chetu cha akiba hapa mtaani Ndosho kilinialika nijibu maswali. Kisha wangechagua conseiller, mtu wa kuamua mfuko wa pamoja ununue nini na uwekwe wapi. Nafasi hiyo niliitaka kwa hamu kubwa. Shati nililipiga pasi mara mbili.

Mke wangu, Mama Neema, alinitazama nikifunga vifungo.

"Papa Neema, zile ngombe zako, ulisha kamata hata mukia ya moja?"

Nikamwambia wawekezaji hawaongei hivyo.

Ng'ombe wenyewe ni hivi. Miaka miwili iliyopita nilimtumia pesa binamu yangu Safari, anayeishi kule Masisi. Akaninunulia ng'ombe watatu na kuwagawa kwa wachungaji watatu. Kila mwezi namtumia pesa ya chumvi na dawa, naye ananitumia picha. Kwa maneno mengine, mimi ni tajiri. Au nilikuwa, mpaka saa sita mchana.

Mama Furaha, présidente wa kikundi, ndiye aliyefungua maswali, akaanza na mahali pa kuweka pesa.

"Papa, mutu aweke makuta yake fasi moja ao fasi mingi?"

"Fasi tatu," nikasema. "Miye niko na ngombe tatu, kwa bachungaji batatu, ku milima tatu. Magonjwa ikiingia ku mulima moja, mbili zinabakia."

Watu wakaandika. (Waliandika kweli. Nilimwona mmoja akipiga mstari chini yake.)

Espoir, dereva wa pikipiki, akainua mkono. "Na kintu mutu aliweka, aangaliake mara ngapi?"

"Usiangalie kila saa. Mwenye kuangalia sana anaogopa, anauzisha mbiyo. Miye ni myaka mbili sijapanda kule."

Mama Neema alikuwa anatazama mabati ya paa. Nilipaswa kunyamaza pale pale. Sikunyamaza.

Swali la tatu likatoka benchi la nyuma, kwa Muzee Bahati. Ni mchungaji wa ng'ombe wa zamani aliyekimbia vita Masisi na nguo zake tu, sasa anapanga chumba nyuma ya kanisa. Mikutanoni huwa haongei.

"Mutoto yangu, unajuaka ginsi gani kama ziko?"

Swali hilo nililisubiri tangu asubuhi. Nikatoa simu, nikafungua picha za mwezi huu, nikampelekea mwenyewe. "Ni rapport, muzee. Kila mwezi."

Akapangusa kioo kwa mkono wa koti. Akatazama picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudi ya kwanza. Akaisogeza simu mpaka karibu na pua. Nikawaeleza watu kwamba wazee huguswa sana na teknolojia.

"Iko moja," akasema.

"Apana, muzee, ni tatu. Ya kwanza inakula majani. Ya pili imesimama ku uzio. Ya tatu imelala."

"Eee. Ilikula. Kiisha ikasimama. Kiisha ikalala."

Akatuonyesha sikio la kushoto, limechanika kwenye picha zote tatu. Akatuonyesha doa jeupe juu ya jicho, dogo kama punje ya haragwe, pia kwenye zote tatu. Babu yangu aliwajua ng'ombe wake mmoja mmoja kwa sura. Mimi mjukuu wake niliona watatu kwa sababu nililipia watatu.

Ningeweza kukaa chini. Badala yake nikampigia Safari, nikaweka sauti kubwa ili wote wasikie ukweli. (Wakausikia.)

"Safari, ngombe zangu ziko?"

"Ziko, grand frère. Zote ziko muzuri."

Muzee akainama juu ya simu. "Safari, ni miye Bahati."

Ikatoka sauti ndogo kabisa: "Muzee? Uko muzima? Ngombe yako iko, muzee. Sikuiuzisha. Niko namuchunga."

Alipokimbia, muzee alimwachia Safari ng'ombe wake wa mwisho, jina lake Gaju. Namba ya simu ya Safari ikampotea njiani.

"Nilizania bantu balisha mukula," akasema, na machozi yakamtoka waziwazi. "Na chumvi, anapataka?"

"Kila mwezi, muzee. Na dawa."

Kanisa lote likageuka kunitazama mimi. Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Neema. Alicheka mpaka akashika benchi.

"Na zangu?" nikauliza.

Simu ikakatika.

"Ni réseau," akasema Mama Furaha kwa huruma, akiulaumu mtandao, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza.

Conseiller alichaguliwa bila kupiga kura, na ni Muzee Bahati. Hata mimi nilimpigia makofi. Nilitaka kukasirika na nikashindwa, maana alikuja akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Aksanti kwa chumvi, mutoto yangu." Hakuna aliyewahi kunishukuru hivyo kwa ushauri wangu wowote.

Akaomba picha. Nikamtumia zote tatu kwenye simu ya binti yake, kwa hiyo mwenye ng'ombe watatu sasa ni yeye. Safari nitamfuata huko huko Masisi wiki hii, na Mama Neema amesema tutaenda wote, akanionyeshe mkia ulipo.

Msicheke, tafadhali, bado nina gharama. Kabla hatujaachana, muzee aliitazama tena picha ya tatu, akaniambia Gaju ana mimba, niongeze chumvi.